Nusu Juu ya Paa, Nusu kwa Mama Mkwe

Rafiki zangu wa kwaya ya Bweri,

Aibu niliyoipata leo asubuhi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo nawagawia na ninyi. Nawaandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nimejifunga kitenge cha Bibi Nyangeta, nasubiri kaptula yangu ishonwe. (Ndiyo, ile ya kaki. Ndiyo, ninayo moja tu. Msianze.)

Kwanza niwakumbushe mambo yalivyo, maana wengine wenu husahau. Mnajua tuko vijana sita katika kijiji hiki kipya cha ujamaa, kando ya barabara ya Butiama. Sisi hatukuletwa na lori kama wengine. Tulikuja wenyewe, baada ya katekista kutusimulia habari za Wakristo wa mwanzo, jinsi walivyoweka mali zao pamoja asibaki mtu na shida. Wengine walisikia wakasema amina, wakaenda kula. Sisi sita tulisikia tukafunga mizigo. Tunakaa nyumba moja, tunalima shamba moja la pamba na moja la mihogo, tunakula chungu kimoja. Kila Jumamosi tunamfanyia kazi mtu asiyejiweza. Hakuna anayesema hiki changu. Hata mbuzi wetu ni wetu. (Kaptula ndiyo kila mtu na yake, kwa sababu ya ukubwa.)

Sasa kuna jambo la Wakuru. Wakuru ni binti wa Mzee Magesa wa Mugeta, na mimi na yeye tunataka kuoana. Mzee Magesa hana neno na mimi. Mwenye neno ni mama. Alisema hivi: "Kijana gani huyo hana hata kuku wake mwenyewe? Siku mwanangu akiumwa atauza nini? Atauza maombi?" Maneno hayo aliniletea Wakuru mwenyewe, huku anacheka. Mimi sikucheka. Jibu letu limepangwa kutolewa kesho Jumapili, baada ya ibada, mbele ya katekista. Ndiyo au hapana.

Na huyo mama mimi sijawahi kumwona uso. Mnajua ukwe wa huku ulivyo. Tangu uchumba utajwe, mimi na yeye hatukutani. Nikimwona njiani niingie porini. Akiniona yeye ajifunike shuka ageukie mti. Kuingia nyumbani kwake ni mwiko. Kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Nimemwona mara moja tu, mgongo, sokoni Bunda, akinikimbia. Niliupenda mgongo ule. Ni mgongo wa mtu mwenye bidii.

Basi. Katikati ya wiki nilitumwa Musoma kununua kamba na misumari. Nikakaa siku mbili (ndipo nilipopita kwenu nikala samaki wenu wale wadogo, furu, asanteni sana). Nikarudi jana jioni nimechoka, miguu imevimba. Wenzangu walikuwa kwenye sala. Nikala kiporo, nikalala hapohapo nilipokaa. Sikuongea na mtu.

Kazi ya leo ilijulikana tangu Jumapili iliyopita: kumwezekea upya Bibi Nyangeta, mjane, paa lake linavuja. Mstari wa pili, nyumba ya tatu. Tulikubaliana tuamke, tusali, tunywe uji, halafu twende wote sita. Huo ndio utaratibu wetu. Wote.

Lakini leo niliamka kabla ya wote, moyo unanichemka. Nikawatazama wenzangu wanakoroma. Nikawaza: itakuwaje nikimaliza paa lile kabla hawajaamka? Wafike na ngazi ya pili wakute kazi imeisha, Bibi Nyangeta amekaa mlangoni anamshukuru Mungu, na mimi nashuka taratibu, sisemi kitu, kama malaika. Nikaona mpaka Wakuru anasimuliwa habari hiyo kisimani, anainama kwa haya. (Mimi nikianzaga kuwaza mnanijua.) Nikabeba ngazi, nikabeba tita la nyasi, nikatoka kwa vidole vya miguu.

Nyumba za kijiji chetu zinafanana zote. Zimejengwa kwa mistari iliyonyooka, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Nikahesabu mstari wa pili. Sawa. Nikahesabu nyumba ya tatu, kuanzia barabarani. Si sawa! Huku watu wote wanahesabuga kuanzia kisimani. Mimi mwenyewe nahesabuga kuanzia kisimani. Leo tu, kwa sababu ngazi ilinizuia kugeuza shingo, nikaanzia nilikokuwa natazama.

Paa nililolikuta lilikuwa baya kweli. Nyasi chache, zimetupwatupwa tu, fito unaziona kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nikasema maskini Bibi, kumbe hali ni mbaya kuliko tulivyodhani. Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Kuezeka nilijifunza kwa mjomba wangu kule Suguti, kwa siku mbili. Siku ya pili ilinyesha tukakaa ndani.

Nilikuwa nafunga konzi ya tatu ya nyasi, sauti ya mwanamke ikatoka ndani.

"Nani huko juu?"

Haikuwa sauti ya Bibi Nyangeta. Ilikuwa nene. Nikajua ni binti yake, amekuja kumtazama mama. (Mtu akishaamua kukosea, hakosi sababu.)

"Ni mimi, Mama. Usiogope. Ni mtumishi tu."

"Mtumishi wa nani?"

"Wa Bwana."

"Bwana yupi? Mwenyekiti wa kijiji?"

"Hapana, Mama. Bwana Mungu."

"Ahaa. Basi kama ni Mungu, anzia hapa juu ya kitanda. Jana maji imeniingia mpaka kwenye sikio."

Nikafurahi sana. Nikahamia upande wa kitanda. Tukaanza kuzungumza vizuri, yeye chini, mimi juu, nyasi katikati.

"Mnalipwa nini?"

"Hatulipwi, Mama. Ni wito."

"Na mnakula?"

"Tunakula. Chungu kimoja, watu sita."

"Ninyi ndio wale vijana sita?"

"Ndio sisi!" Nikajisikia mrefu.

"Hm. Nawasikiaga. Na wewe umeoa?"

Hapa, rafiki zangu, mtu mwenye akili angesema bado, akaendelea kufunga kamba.

"Bado, Mama. Kesho ndiyo najibiwa. Baba wa binti hana tatizo, ni mtu mwema. Tatizo ni mama yake."

"Mama yake amefanya nini?"

"Nasikia ni mkali. Anasema sina kuku. Lakini mimi sina kinyongo, namwombea kila siku. Namwombea Mungu amlainishe moyo, maana inaonekana ni mgumu sana."

Nikasikia kitanda kinalia, kama mtu ameinuka kukaa.

"Huyo binti anaitwa nani?"

"Wakuru. Wa Mzee Magesa, kule Mugeta."

Ndani kitu kikaanguka. Kama kibuyu hivi, kikabiringika mpaka ukutani.

"Mama? Umeumia?"

"Shuka."

"Bado kidogo, Mama, nimalizie hapa karibu na mgongo wa paa."

"Nimesema shuka!"

"Mama, kazi ya Mungu haiachwagi katikati."

Nikapiga hatua moja ya kumwonyesha nilivyo na moyo. Ufito ukalia ta! Ule wa pili haukulia, uliachia tu. Nikaenda chini mpaka makwapani, nikakwama hapo. Kichwa, mikono na konzi ya nyasi viko nje, vinatazama kijiji. Vilivyobaki viko ndani.

Lakini si vyote vilivyofika ndani kwa pamoja. Kaptula ilinasa kwenye ncha ya ufito. Mimi nikapita, yenyewe ikabaki. Kisha nikasikia inachanika, polepole, kama mtu anafungua barua. Kisha nikasikia baridi mahali ambapo sijawahi kusikia baridi nikiwa kazini.

Ndani hakukutoka neno. Kulitoka yowe.

Ninyi mnaishi mjini, kwa hiyo niwaeleze. Yowe la huku si la mchezo. Likipigwa, watu wanajua ng'ombe zimechukuliwa. Hakuna anayeuliza. Anayekula anaacha, anayeoga anatoka na povu lake. Nilikuwa bado natafuta pa kushika nikaona wanaume wanatokea mistari yote mitano, wana mikuki, wana mapanga, mmoja ana upinde na hajavaa shati. Wakaizunguka nyumba. Wakanitazama. Nikawatazama.

"Ziko wapi?" akauliza yule wa upinde, anahema.

"Nini?"

"Ng'ombe!"

"Hakuna ng'ombe. Ni mimi."

"Wewe umeibiwa?"

"Hapana, ndugu. Nimekwama."

Wenzangu watano wakafika, Josefu mbele. Josefu ndiye mkubwa wetu, mpole, hajawahi kupandisha sauti. Uso alikuwa ameunawa nusu.

"Majura," akasema, "uji haujaiva. Unafanya nini huko?"

"Nimetangulia kwa Bibi Nyangeta."

"Bibi Nyangeta anakaa upande wa kule."

"Mimi hapa!" Bibi Nyangeta mwenyewe akajipenyeza katikati ya mikuki, fimbo mkononi. "Vyombo vyangu vyote nimevitoa nje tangu alfajiri, nawangoja! Kumbe mnakuja kumwezekea mgeni!"

"Mgeni gani?" nikauliza.

Hapo ndipo Wakuru alipotokea kutoka kisimani, ndoo kichwani. Akasimama. Akanitazama vizuri, kuanzia kwapani kwenda juu, maana ndiko nilikokuwepo.

"Majura? Unafanya nini kwenye nyumba ya mama?"

Rafiki zangu. Nimewahi kupigwa na wimbi ziwani, nimewahi kuumwa malaria nikaongea na kuta. Sijawahi kusikia dunia inakwenda mbali namna ile.

"Walihamia juzi," Musa akasema chini chini. Musa ndiye mdogo wetu. "Lori liliwaleta ukiwa Musoma. Tulikuwa tukwambie leo kwenye uji."

Miguu yangu, ambayo mpaka hapo ilikuwa inapiga teke hewani kutafuta boriti, nikaikunja. Haikusaidia. Nilivyoikunja nadhani ilikuwa vibaya zaidi.

Bibi Nyangeta akaingia ndani kuona hali. Huyo bibi ana sauti ya kuitia ng'ombe mto mzima.

"Kaptula iko huku chini!" akatangaza. "Mwenyewe yuko juu!"

"Bibi, tafadhali," nikasema.

"Mama wa watu yuko kitandani, amegeukia ukuta, amejifunika ungo! Hatoki!"

"Kwa nini asitoke?" Josefu akauliza.

"Atokee wapi? Miguu ya mkwe imening'inia katikati ya kitanda na mlango! Apite chini yake?"

Watu wote wakaguna. Ni kweli. Hapakuwa na njia. Mama hawezi kupita chini ya mkwe, hata mkwe angekuwa amevaa. Na mimi siwezi kushuka, kwa sababu nikishuka naangukia chumbani kwake. Wakajaribu kunivuta juu. Paa zima likalia kama linataka kuja lote. Wakaacha. Mzee mmoja akashauri ningoje mpaka jioni nipungue. Yule wa upinde akaanza kucheka, akakaa chini kabisa akacheka, akaweka na upinde pembeni.

Josefu ndiye aliyepata njia. Akazunguka nyuma ya nyumba, akagusa ukuta kwa kidole. Udongo ulikuwa bado mbichi. "Tutoboe hapa," akasema. "Mama atoke nyuma. Halafu Majura ashuke."

Wakatoboa. Wenzangu watano, kwa mikono, ukuta mpya ambao Mzee Magesa alikuwa ameukandika juzi. Wanawake wakasimama mistari miwili na kanga zao wakaziba njia. Wanaume wote wakageuka. Mimi nilikuwa sina namna ya kugeuka, kwa hiyo nikafumba macho nikayabana kabisa. Nikasikia tu nyayo za haraka zinakwenda jikoni kwa jirani, na ungo unagonga mlango.

Ndipo wakakata fito nikaachiwa. Nikaangukia kando ya kitanda kisicho na mtu, Bibi Nyangeta akanirushia kitenge. Nilikwenda kuziba tundu moja la paa. Kufikia saa tatu nyumba ilikuwa na matundu mawili, na moja lake ng'ombe angeweza kupita bila kuinama.

Na ng'ombe zikaja kweli. Mzee Magesa alikuwa amezirudia Mugeta, ndio anafika nazo, anapiga mluzi, hajui lolote. Mluzi ukakata katikati. Akatazama paa. Akazunguka akatazama ukuta. Akarudi akanitazama mimi na kitenge changu chenye maua.

"We mura," akasema. Ndivyo wazee wa huku wanavyomwita kijana.

"Naam, Mzee."

"Kule Mugeta fisi walikuwa wanapita uani kila siku. Hakuna aliyeingia ndani."

"Ndiyo, Mzee."

"Hapa nina siku mbili tu."

"Ndiyo, Mzee."

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea fimbo yake. Kisha akasema jambo ambalo watu wote walikuwa wanalingoja: aibu ya namna hii haiachwi hivihivi. Mkwe akimwaibisha mama, analeta mbuzi, anachinjwa, mama anapewa nyama ya kwanza, ndipo maneno yanaisha. Bila mbuzi hakuna harusi, na hakuna haja ya kumsumbua katekista kesho.

"Una mbuzi?" akaniuliza.

Nilitazama chini. Wakuru alikuwa amesimama pembeni, ndoo bado iko kichwani, amesahau kuitua. Nilijua kabisa kwamba mama yake yuko jikoni kwa jirani anasikiliza kila neno, na ndilo swali lake mwenyewe, lile la kuku, limekuja kwa miguu minne.

"Mimi sina, Mzee."

Wanawake wakasema "mmh."

"Mbuzi yupo," Josefu akasema.

Mzee Magesa akamgeukia. "Wa nani?"

"Wetu."

"Wako wewe?"

"Wetu, Mzee."

"Lakini aliyeharibu ni huyu mmoja. Tena nasikia aliwaacha mmelala."

"Ndiyo. Lakini na yeye ni wetu."

Hapo macho yalinichoma. Nikajifanya ni vumbi la nyasi. Musa, ambaye ndiye anamlisha yule mbuzi na kumchagulia majani, akasema, "Nitakwenda kumfungua." Akaenda. Alikwenda polepole sana, lakini alikwenda. Na wale watatu waliobaki hata hawakungoja hukumu. Walikuwa wameshamwaga maji kwenye udongo, wameshaingia, wanakanyaga ili wazibe ukuta. Josefu akakunja suruali akaingia nao. Mimi nikataka kuingia, Mzee akanizuia kwa fimbo. "Wewe kaa," akasema. "Wewe leo umefanya ya kutosha."

Tukakaa, udongo unalia chap, chap. Kisha Bibi Nyangeta akaitwa jikoni kwa jirani. Alikaa huko muda. Aliporudi alisimama katikati ya uwanja, akakohoa kama mtu wa redio.

"Mama Wakuru anasema hivi. Kuku hana, hilo liko palepale. Lakini amechungulia kwenye ufa, amehesabu watu watano wanakanyaga udongo kwa ajili ya mmoja, na mmoja tena ameenda kuleta mbuzi huku mwenyewe analia."

"Ni wanne na Musa, wote watano," Josefu akamsahihisha kwa upole.

"Anasema kwake ni sita, kwa sababu yule anayelia anamhesabu mara mbili. Anasema siku mwanawe akiumwa, hao wanatosha kumbeba mpaka hospitali ya Musoma bila kumshusha. Basi. Amekubali."

Wakuru akatua ndoo. Maji nusu ikamwagika, hakuitazama.

"Kwa hiyo kesho ni ndiyo?" nikauliza, maana nilitaka niwe na hakika.

"Kesho utaambiwa kesho," Mzee Magesa akasema. Lakini masharubu yalikuwa yanacheza.

"Sijamaliza!" Bibi Nyangeta akapaza. "Ana neno moja la mwisho kwa huyu mkwe. Anasema wito wake ni mzuri, Mungu ambariki, awahudumie watu wote wa kijiji hiki. Yeye amwache."

Hata ng'ombe zilistuka kwa kicheko.

Sasa ni saa nane. Ukuta umezibwa, mbuzi amechinjwa, mama amepewa nyama ya kwanza. Paa la mama limekwisha, wamelifunga wao, limenyooka kuliko yote ya mstari ule. Hivi sasa wako kwa Bibi Nyangeta, naye amesema mimi nisimpandie, nimkorogee udongo tu chini ambako ananiona. Nitakwenda nikipata kaptula. Wakuru ndiye anaishona, amekaa hatua kama kumi kutoka hapa. Anashona kidogo, anaitazama ile sehemu ilipochanika, anaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, kisha anaendelea. Nikimwuliza anacheka nini anasema hachekei kitu.

Barua hii nampa dereva wa gari la pamba anayepita jioni, kwa hiyo mtaipata kabla habari haijawafikia kwa mdomo, maana kwa mdomo naambiwa nimeshakuwa uchi tangu kwenye ngazi. Si kweli. Mkija harusini mje kuimba, msije kuniuliza, na yeyote atakayetazama juu ya paa la kanisa nikiwa nala kiapo nitamjua.

Jambo nililojifunza ni hili moja: Mungu akikuita kuwahudumia watu, itika, lakini ngoja wenzako waamke.

Wenu,
Majura